Mahabusu mwenye pingu ndani ya lori: ni nani anayemkinga gari likipiga breki?

Binti wa Bahati (Nakuru) aliuliza:

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu wanaoielewa kazi ya kusafirisha mahabusu na wafungwa, hasa wale walioifanya kwa mikono yao wenyewe.

Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 23 na yuko rumande akisubiri kesi yake isikilizwe. Mwezi uliopita alipelekwa katika mahakama ya mji wa jirani ili kesi itajwe. Walikuwa mahabusu 18 nyuma ya lori lenye turubai na benchi mbili za mbao zinazotazamana, na kila wawili walishirikishwa pingu moja, mkono wa kulia wa huyu kwa mkono wa kushoto wa mwenzake. Lilipofikia tuta ambalo dereva hakuliona mapema, lori lilipiga breki ya ghafla, wote wakateleza kuelekea mbele, na yule aliyefungwa naye akamwangukia. Ndugu yangu alipoteza meno mawili ya mbele, na mfupa wa kifundo cha mkono uliokuwa ndani ya pingu ukavunjika.

Nilikuwa nimeketi mahakamani nikimsubiri. Aliingia akiwa amejiziba mdomo kwa mkono wa sweta, na jina lake lilipoitwa aliitika kwa sauti ambayo sikuitambua. Baadaye nilimwuliza askari mmoja kwa heshima kilichotokea, naye akanijibu kwamba hiyo ni ajali ya kawaida ya barabarani.

Sitaki kumlaumu mtu kabla ya kuelewa. Ninachotaka kujua ni kama kuna utaratibu unaotakiwa kufuatwa mtu anapopandishwa gari la polisi au la magereza akiwa na pingu, au kila msimamizi hufanya aonavyo. Je, mtu huyo hastahili mkanda wa usalama kama abiria wa matatu? Kesi itatajwa tena baada ya wiki tatu, na mkono bado una plasta. Nimwendee nani ili asisafirishwe tena kwa namna ile?

Mzee wa Zamu (Kakamega) alijibu:

Pole sana, binti yangu, na umfikishie ndugu yako pole zangu. Nilitumikia magereza kwa miaka 31, sehemu kubwa nikiwa Kisumu na Kakamega, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimamia msafara wa asubuhi wa kwenda kortini. Nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza vijana waliotumwa kwangu kutoka chuoni.

Nianze na mkanda, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Abiria wa matatu asiyefunga mkanda, gari likipiga breki, hunyoosha mikono, hushika kiti cha mbele na kujikunyata, na hata akiumia huwa amepunguza kishindo. Mwenye pingu hana mikono. Akiwa amefungwa mikono nyuma, kitu cha kwanza kufika kwenye chuma ni uso wake. Akiwa amefungwa pamoja na mwenzake, uzito wa miili miwili huvutwa na kifundo kimoja cha mkono, kama ilivyomfika ndugu yako. Aliyemfunga pingu amemwondolea uwezo wa kujikinga, na kuanzia dakika hiyo kumkinga ni kazi ya askari. Tangu Februari 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, abiria wa matatu hutakiwa kufunga mkanda ilhali ana mikono yake miwili. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, anastahili, na anastahili zaidi kuliko huyo wa matatu.

Safari yenyewe huanza kabla gari halijawashwa. Msimamizi husoma majina akiyalinganisha na hati za mahakama, kisha huuliza kwa sauti, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa, ni nani mgonjwa, ni nani ana dawa za kumeza mchana, na ni nani ana kidonda mahali pingu itakapokaa. Wakati huo askari mwingine yuko ndani ya gari. Hupekua chini ya benchi na kwenye mikunjo ya turubai, na jambo hilo hurudiwa gari linaporudi, kwa sababu kitu kilichoachwa na msafara wa jana huokotwa na msafara wa leo. Watu hudhani upekuzi huo ni wa kutafuta visu tu. Mimi nilikuwa nikitafuta jeki, spana, gurudumu la akiba lisilofungwa na mtungi wa dizeli, kwa maana breki ikipigwa, jeki ya kilo kumi iliyosahauliwa chini ya benchi huenda kumtafuta mtu.

Sasa pingu. Pingu za kawaida zina meno yanayoendelea kukaza kila zinaposukumwa, na pembeni zina kitundu au kitufe kidogo ambacho hubonyezwa kwa ncha ya ufunguo ili meno yasimame hapo yalipo. Ni kitendo cha sekunde mbili, na askari mwenye haraka hukiruka. Gari likianza kurukaruka, pingu isiyobonyezwa hujikaza yenyewe, na mtu hufika kortini vidole vimevimba na kufa ganzi. Nilipomaliza kumfunga mtu nilikuwa nikiingiza ncha ya kidole changu cha shahada kati ya chuma na mfupa wake. Kisipopita, nilifungua nikaanza upya, hata kama dereva alikuwa akipiga honi langoni.

Kuwafunga wawili wawili hutokana na uchache wa pingu. Sikupenda jambo hilo, lakini nililifanya. Ukilazimika kulifanya, wawili hao wawe na kimo kinachokaribiana, wakae benchi moja upande mmoja, na asiwepo kati yao mgonjwa, mlemavu au mtu mwenye jeraha. Jambo ambalo halina ruhusa hata siku moja ni kumfunga mtu kwenye chuma cha gari lenyewe. Lori likipinduka mtaroni au likishika moto, askari ana dakika chache mno za kuwatoa watu 18, na hana muda wa kutafuta kitundu cha pingu gizani.

Nikiwa Mbita nililiona hili kwa namna nyingine, kwa sababu mtu anayekamatwa visiwani huletwa bara kwa mashua. Siku moja koplo aliyekuwa akimleta mshukiwa kutoka upande wa Mfangano alimfungua pingu kabla ya kuondoka ufuoni, akamvika jaketi la kuelea kwanza kisha akavaa lake, na akamketisha katikati ya mashua. Mkubwa wake alimfokea walipofika. Mimi nilimpa mkono, kwa sababu ziwa likichafuka mtu mwenye pingu huzama kama jiwe, na koplo yule alijua kwamba mtu mwenyewe hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa majini.

Mwisho ni dereva. Dereva wa lori la mahabusu anapaswa kuendesha kama aliyebeba wagonjwa, kwa sababu haoni kinachotokea nyuma, na benchi za pembeni humtupa mtu hata kwenye kona ambayo yeye mwenyewe haihisi. Askari aliye nyuma awe na kengele au redio ya kumfikia mara moja. Saa ya kuondoka, saa ya kufika na kilomita zinazosomwa kwenye dashibodi huandikwa. Katika idara nyingi za polisi za Marekani, afisa anayemsafirisha mwanamke au mtoto hutaja maili zinazosomwa kwenye dashibodi yake kwa redio anapoondoka na anapofika, ili pasiwe na mwendo wala dakika isiyojulikana ilikwenda wapi. Hapa kwetu karatasi ya safari ya gari la serikali ina nafasi ya kuandika hayo, lakini mara nyingi hujazwa jioni, kwa kukisia.

Muuguzi wa Ziwani (Kisumu) alijibu:

Shikamoo Mzee, na pole sana dada. Ninafanya kazi katika idara ya majeruhi, nami huwapokea watu hawa wanapofikishwa kwetu wakiwa tayari wameharibikiwa. Ningependa kuongeza yanayohusu mwili.

La kwanza ni namna mtu anavyowekwa. Usimlaze mtu kifudifudi kwenye sakafu ya gari akiwa amefungwa mikono nyuma, na usimkalishe mtu mwingine wala kumwekea mguu mgongoni. Ili tupumue, kifua lazima kipanuke na tumbo lisogee. Mtu mnene, mlevi, au aliyekuwa akipigana na kuhema muda mfupi uliopita anaweza kuishiwa na hewa katika mkao huo kimyakimya, na walio karibu naye huona kwamba hatimaye ametulia. Mtu aketi wima, na kama hawezi kuketi, alazwe ubavu na awe na mtu wa kumtazama uso. Anayesema hawezi kupumua aaminiwe kwanza, kisha achunguzwe.

La pili ni joto. Anayeijua Kisumu ya Februari anajua hali ya bodi la bati la lori lililoegeshwa juani nje ya mahakama saa saba mchana. Mnamo Januari 2008, katika jimbo la Australia Magharibi, mzee mmoja wa jamii asilia anayetajwa kwa heshima kama Bwana Ward alisafirishwa kutoka Laverton hadi Kalgoorlie, mwendo wa takribani kilomita 360, ndani ya chumba cha chuma nyuma ya gari ambalo kipoza hewa chake kilikuwa kimeharibika. Alifariki kwa joto, na tumbo lake lilikutwa limeungua pale lilipogusa sakafu. Waliokuwa mbele walikuwa na hewa baridi, na hawakujua hali ya nyuma. Kwa sababu hiyo ningeshauri kwamba askari anayesimamia aingie mwenyewe nyuma na kukaa humo dakika tano mlango ukiwa umefungwa kabla ya kuwapandisha watu. Pua na ngozi yake vitamweleza kama pana hewa, na kama bomba la moshi limetoboka na kuingiza moshi ndani. Maji ya kunywa yawepo, na gari lisiegeshwe juani likiwa na watu.

Hewa inahusiana pia na kifua kikuu, ugonjwa ambao magereza yetu yanaujua vizuri. Watu 18 waliobanana katika bodi lililofungwa kwa saa nzima hupumua pumzi moja. Madirisha yenye wavu yafunguliwe, na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kabla ya kusafirishwa pamoja na wengine.

Jambo la tatu linanigusa zaidi, kwa sababu kwenu lilitokea nusu yake. Tarehe 19 Juni 2022, katika mji wa New Haven huko Marekani, Randy Cox aliwekwa nyuma ya gari la polisi akiwa amefungwa mikono nyuma, na gari hilo halikuwa na mikanda. Dereva alipiga breki ili kuepuka kugongana na gari jingine, na kichwa cha Cox kikagonga ukuta wa mbele. Alisema kwamba hawezi kusogea na kwamba anadhani shingo imevunjika. Maafisa walidhani amelewa, wakamburuta kwa miguu kumtoa garini na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Alipooza kuanzia kifuani kwenda chini, na mwaka 2023 mji huo ulikubali kumlipa dola milioni 45. Ninawasihi maafisa wanaosoma hapa: mtu akianguka ndani ya gari kisha akasema shingo inamwuma au haisikii miguu yake, asiinuliwe wala kuvutwa. Gari lisimame, mmoja amshikilie kichwa bila kukigeuza, na msaada wa hospitali uitwe hapo hapo.

Dada, ndugu yako hakupaswa kupelekwa kizimbani akiwa amevunjika mfupa. Alipaswa kupelekwa hospitali kwanza, na mahakama ijulishwe sababu ya kuchelewa.

Mke wa Askari (Njoro) alijibu:

Ninasikitika kwa yaliyompata kijana, lakini naomba na askari wafikiriwe. Mume wangu hufanya kazi hii. Mahabusu aliyefungwa mikono mbele anaweza kumpiga askari kwa pingu zenyewe, na askari akiinama kumfunga mtu mkanda, bunduki yake huwa karibu na mikono ya huyo mtu. Mkanda wenyewe unaweza kugeuzwa kitanzi. Usalama wa askari mmoja kati ya watu 18 hauonekani katika maelezo yenu, nami kila asubuhi ninamsindikiza hadi mlangoni nikiwa na wasiwasi.

Mzee wa Zamu (Kakamega) alijibu:

Mama, una haki kabisa, na wasiwasi wako mke wangu aliuishi miaka yote hiyo. Jibu lake lipo katika mgawo wa kazi. Askari anayeingia ndani kuwafunga watu mikanda haingii na bunduki. Humwachia mwenzake, ambaye husimama nje umbali wa hatua kadhaa, na wawili hao hawabadilishani nafasi hadi mlango ufungwe. Kwa mtu anayejulikana kuwa mkali, mikono hufungwa mbele na kushikizwa kwenye mnyororo mfupi unaozunguka kiuno, hivyo hawezi kuinua pingu hadi usoni mwa mtu, lakini bado anaweza kuketi akaegemea vizuri. Mtu anayeogopewa kwamba anaweza kujidhuru hapakiwi na kuachwa peke yake. Askari huketi mahali anapomwona muda wote.

Askari mmoja kwa watu 18 ni jambo ambalo wewe na Binti wa Bahati mnaweza kulilalamikia kwa pamoja. Mimi nilikataa mara mbili kuondoka langoni na msafara wa namna hiyo, nikaandika sababu kwenye kitabu. Nilikaripiwa kwa maneno, lakini askari waliongezwa.

Fundi Bodi (Kisumu) alijibu:

Mimi huunda bodi za malori na mabasi ya shule, na nimewahi kukarabati bodi mbili za aina hii, hivyo nitazungumzia chuma na mbao.

Benchi ndefu ya pembeni ndiyo chanzo cha balaa. Mtu aliyeketi kando hana kitu mbele yake cha kumzuia, wala ubao wa kumshika nyonga, na benchi iliyosuguliwa na suruali kwa miaka kumi huwa laini kama sabuni. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila kiungo cha aliye ndani kinakwenda mwendo huo huo. Gari likigonga kitu na kusimama papo hapo, mtu asiyeshikwa huugonga ukuta wa mbele kwa nguvu sawa na ya aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 14, yaani orofa ya nne. Breki haina ukali kama huo, lakini mliona ilivyotosha kung'oa meno. Viti bora ni vinavyotazama mbele au nyuma, vyenye mgongo mrefu unaofika kichwani, na mtu mmoja kwa kila nafasi. Mabasi tunayounda hufuata kiwango cha KS 372 cha Shirika la Viwango la Kenya, na ningependa kuona bodi la mahabusu likikaguliwa kwa jicho hilo hilo.

Mkanda haufungwi kwenye mbao, wala kwenye bati la sakafu. Unafungwa kwa bolti iliyopita hadi kwenye chuma cha fremu, na chini yake huwekwa bamba nene, la sivyo siku ya kazi utang'oka pamoja na sakafu yake. Kifungio kikae upande wa njia ya katikati, ili askari akifunge kwa kunyoosha mkono mmoja bila kuinama juu ya mtu. Naamini hilo litampunguzia wasiwasi mama wa Njoro.

Hewa iingie chini mbele na kutoka juu nyuma, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Paa liwe la bati mbili zenye nafasi katikati, na lipakwe rangi nyeupe. Katika jua letu utaihisi tofauti kwa kiganja. Pawe na mlango wa pili wa dharura unaofunguliwa kutoka nje, ama paani ama ubavuni, kwa maana lori likilalia mlango wake wa nyuma hakuna atakayetoka. Ufunguo mmoja awe nao msimamizi, na mwingine dereva, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali unapofikiwa bila kufungua kwanza chumba cha watu. Ncha za misumari na kona za chuma nilizozikuta katika bodi zile mbili ningeona aibu kuziacha kwenye gari la kubebea ng'ombe.

Wakili wa Mashinani (Kakamega) alijibu:

Dada, umeuliza nimwendee nani, nami nitajibu hilo.

Ndugu yako hajahukumiwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inamchukulia kuwa hana hatia, na kifungu cha 51 kinasema kwamba mtu aliyezuiliwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezi kwenda pamoja na kuzuiliwa kwake. Kifungu hicho hicho kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuwatendea watu hao kwa utu, kwa kuzingatia mikataba ya kimataifa, na ndiyo asili ya Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014. Kuhusu safari zenyewe, Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mnamo Desemba 2015 kuboresha zile za mwaka 1955, zinakataza katika kanuni ya 73 kumsafirisha mfungwa katika chombo kisicho na hewa au mwanga wa kutosha, au kwa namna yoyote inayomtesa mwili bila sababu, na zinataka asianikwe mbele ya macho ya umma. Kanuni ya 47 inaruhusu pingu kama tahadhari ya mtu asitoroke njiani, mradi ziondolewe anapofika mbele ya hakimu. Kanuni ya 48 inakataza kabisa kumfunga mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, anayejifungua au aliyetoka kujifungua. Mtoto naye, kwa kifungu cha 53 cha Katiba yetu, hutengwa na watu wazima anapozuiliwa, na sioni vipi kizuizi hicho kikome kwenye ngazi ya lori.

Nakuonya, hata hivyo, kwamba maandishi peke yake hayamfungi mtu mkanda. Huko Baltimore, Freddie Gray alipakiwa nyuma ya gari la polisi tarehe 12 Aprili 2015 akiwa na pingu mikononi na minyororo miguuni, bila mkanda, akavunjika uti wa mgongo wa shingoni na kufariki siku saba baadaye. Amri ya kuwafunga mikanda wote wanaosafirishwa ilikuwa imesisitizwa upya katika idara hiyo siku chache tu kabla. Kwa hiyo usitosheke ukijibiwa kwamba utaratibu upo.

Fanya hivi. Andika barua kwa msimamizi mkuu wa gereza, ueleze jeraha, uambatanishe karatasi ya hospitali, na uombe asifungwe pamoja na mwingine, asifungwe mkono wenye plasta, na asafirishwe akiwa ameketi penye mkanda, hata ikiwa ni kwenye kiti cha mbele pamoja na askari. Bakisha nakala iliyogongwa mhuri. Nakala nyingine ipeleke kwa msajili wa mahakama inayosikiliza kesi, na umwombe wakili wake, au yeye mwenyewe kama hana wakili, alitaje jambo hilo siku ya kesi kabla ya jambo jingine lolote, ili hakimu aliandike kwenye kumbukumbu na kutoa maagizo. Mahakimu huwa pia na mamlaka ya kuzuru magereza na kusikiliza malalamiko. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, huchunguza polisi. Kama gari lilikuwa la magereza, mlango wako ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, ambayo ina ofisi Kisumu, au Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali.

Tena, kesi inapotajwa tu na hakuna shahidi wa kusikilizwa, si lazima mwili usafiri. Tangu mwaka 2020, korona ilipozifunga mahakama, kesi nyingi hutajwa kwa video mahabusu akiwa gerezani. Iombe njia hiyo waziwazi katika barua yako.

Binti wa Bahati (Nakuru) alijibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nilipeleka barua mbili, zote zikagongwa mhuri, na kesi ilitajwa jana kwa video. Nilikuwa mahakamani nikamwona kwenye skrini akiinua mkono wenye plasta mbele ya kamera, akafungua mdomo pale hakimu alipomwuliza kuhusu meno. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akaagiza apelekwe kwa daktari wa meno na taarifa ya safari ile iletwe mbele yake.

Siku ya kusikiliza kesi imewekwa, na siku hiyo lazima aletwe mwenyewe. Mama wa Njoro, nimeandika katika barua ya pili kwamba askari waongezwe, kama alivyosema Mzee. Nina swali moja kwa Fundi: je, lori lililopo, lenye benchi zile zile za pembeni, linaweza kuwekewa mikanda bila kuvunja bodi lote?

Fundi Bodi (Kisumu) alijibu:

Linaweza. Benchi hufunguliwa, chuma cha pembe nne hupitishwa chini yake na kufungwa kwenye fremu ya lori kwa bolti, kisha kila nafasi hupewa mkanda wa kiunoni pamoja na kigawanyo cha bomba lililofunikwa sponji, ili mtu asiteleze na kumwangukia jirani yake. Hautakuwa uzuri wa viti vinavyotazama mbele, kwa maana mkanda wa kiunoni kwenye kiti cha kando hauzuii kifua kupinda, lakini mtu hatatoka mahali pake kwenda kugonga ukuta. Kwa mafundi wawili ni kazi ya siku tatu, na nafasi zitapungua kutoka 18 hadi 12, kwa hiyo lori litalazimika kwenda mara mbili.

Mzee wa Zamu (Kakamega) alijibu:

Binti yangu, siku hiyo fika mahakamani mapema, kabla ya saa mbili, usimame mahali unapoliona lori likifungua mlango. Tazama wanavyoshuka na uandike saa.